Gitaa la Kibokoni: shajara ya mradi

14 Januari 2024, Yokohama

Naanza kuandika leo ili nijibane mwenyewe. Mradi ni huu: kabla mwaka haujaisha, mwanangu wa miaka saba anayekaa na mamangu Kibokoni, Mombasa, awe na gitaa linalomwenea mkononi na linaloivumilia hewa ya pwani, na tuweze kupiga pamoja angalau wimbo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Bajeti ni yeni 30,000, nyuzi na usafiri vikiwa ndani yake.

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya kampuni inayouza magari ya mitumba. Wateja wa Mombasa na Dar es Salaam wakipiga simu, mimi ndiye napokea. Naandika makaratasi, natuma picha za injini, naeleza kwa mara ya mia kwamba Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Kutwa nzima naongea Kiswahili nikiwa Japani, ndiyo maana Kijapani changu hakijavuka kile cha sokoni.

Marehemu baba alikuwa mpiga gitaa wa hoteli za pwani: shati la kitenge, watalii wanaocheza nje ya mdundo, kurudi nyumbani alfajiri. Alipenda kutusimulia habari za Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, ambaye wakati wa vita vikuu vya pili alipelekwa Asia na jeshi kuwatumbuiza askari, kisha akawa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kupiga gitaa la umeme. Baba ndiye aliyenifundisha kodi tatu, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa na kulia pamoja. Wapigaji wa kwetu huziita hivyo, kodi, neno lile lile la mwenye nyumba na la serikali. Gitaa lake liliuzwa mwaka aliougua, na mama hakulilia.

Jaribio la kwanza lilikwisha kushindwa. Mwaka 2022 nilienda likizo na gitaa kubwa la nyuzi za chuma, mbao tupu bila plaiwudi, zuri la kutazama. Mtoto alilikumbatia kama aliyekumbatia mbuyu. Nyuzi zikamkata vidole, gitaa likatundikwa ukutani, na leo kaka ananiambia tumbo limefura na nyuzi zimekuwa mbali na shingo hata kidole cha mtu mzima kinakataa.

Jambo moja lipo upande wetu. Japani imetangulia Kenya kwa saa sita, na Kiswahili nacho huhesabu saa kwa tofauti ya sita. Kwa hiyo saa yangu ya ukutani hapa ikionyesha 9 usiku, Mombasa ni saa tisa alasiri. Ikionyesha 2, kwetu ni saa mbili. Nina miaka minne hapa na sijawahi kukokotoa hesabu ili kujua mwanangu anafanya nini. Naitazama saa ya Mjapani, naisoma Kiswahili, basi. Somo litakuwa kila Jumapili saa tisa, yake na yangu.

21 Januari

Nilienda Ochanomizu, Tokyo, "kuangalia tu". Asiyepajua ni mtaa wenye mteremko, duka la gitaa kulia, duka la gitaa kushoto, na jingine juu ya ngazi. Magitaa yametundikwa kama mashati ya Biashara Street siku mbili kabla ya Idd. Muuzaji akikuona umesimama sekunde tano analishusha, analitia sauti, anakupa kiti.

Nimetoka na gitaa. Langu mimi. Halimo kwenye bajeti ya mradi na sitaliandika humu tena.

Jambo moja la maana nimejifunza huko. Niliuliza kuhusu gitaa la zamani lenye mgongo wa mbao nyekundu ya Brazil, muuzaji akatikisa kichwa: hilo usilivushe mpaka. Mti huo umefungiwa biashara ya kimataifa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Mwaka 2017 jamii nzima ya mti huo, Dalbergia, ikaingizwa kwenye orodha ya kudhibitiwa, na kwa karibu miaka mitatu wauzaji wa magitaa walihangaika na vibali, mpaka Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa ziliporuhusiwa, isipokuwa zile za mti wa Brazil. Nilipofika nyumbani nikaangalia jamii hiyo ina miti gani. Mpingo wetu umo.

4 Februari

Wiki iliyopita nilimwomba kaka achore kiganja cha mtoto kwenye karatasi, aweke sarafu ya shilingi kumi pembeni, anipigie picha. Hapa ninayo sarafu kama hiyo, iliyobaki kwenye pochi tangu likizo. Nikaikuza picha mpaka sarafu zikalingana, nikaichapisha, nikakikata kile kiganja kwa makasi. Leo nimetembea na mkono wa mwanangu mfukoni. Kwenye treni niliutoa mara mbili bila sababu.

Nimekwenda Hard-Off, maduka ya mitumba ya vyombo vya umeme na ala. Nyuma kabisa kuna upande wa janku, vitu vinavyouzwa bila dhamana, kila kimoja na kikaratasi kinachotaja ugonjwa wake. Hapo ndipo pa mtu mwenye bajeti, mradi aende na rula, tochi na kipande cha karatasi.

Ninavyokagua mimi ni kama tunavyokagua gari uwanjani. Kwanza shingo: nalishika gitaa kama bunduki na kuangalia kwa jicho moja kutoka kichwani kwenda tumboni. Shingo iliyojipinda kama mtumbwi kidogo si neno, ila iliyojisokota kama kamba naiacha hapo hapo. Halafu naingiza ncha ya karatasi chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Karatasi ikipenya, gundi imeachia. Tochi ndani ya tundu, kutafuta mbavu zilizobanduka. Nalipiga tumbo kwa kidole, kama anayechagua tikiti Kongowea, nikisikiliza mtetemo wa kitu kilicholegea. Mwisho rula: kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni) uzi mnene usiwe juu zaidi ya milimita 4 kwa gitaa la nailoni. Kwa mtoto nataka 3.

Nimelipata la nane kulishika. Dogo, na kwa ndani lina karatasi ya kiwanda cha Suzuki cha Nagoya, kiwanda cha fidla kilichoanzishwa na baba yake Shin'ichi Suzuki, yule mwalimu aliyeshikilia kwamba mtoto ajifunze muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: asikie kwanza, asikie sana, kusoma kuje baadaye. Urefu wa uzi unaolia ni milimita 580, wakati gitaa la mtu mzima ni 650. Tumbo ni la plaiwudi. Wajuzi wa Ochanomizu wangelicheka, lakini mbao tupu hunywa unyevu na kufura, plaiwudi hujibana yenyewe kwa sababu tabaka zake zimepishana. Baada ya mkasa wa 2022, mimi natafuta plaiwudi kwa makusudi.

Nimekitandaza kiganja cha karatasi shingoni. Kidole cha shahada freti ya kwanza, cha pete kikafika ya tatu. Yeni 3,300. Ugonjwa ulioandikwa: mikwaruzo, uzi mmoja haupo.

17 Februari

Limeondoka. Jirani yangu mmoja anarudi Mombasa kwa harusi ya mdogo wake na amekubali kulibeba. Hakuna ndege ya moja kwa moja, litabadilisha njiani na litarushwarushwa, kwa hiyo nimelegeza nyuzi, nimejaza soksi na fulana za mtoto kuzunguka shingo, na kofia ya sufu chini ya kichwa. Kichwa ndicho huvunjika, gitaa likianguka chali. Ada ya mzigo wa ziada yeni 6,000, karibu mara mbili ya bei ya gitaa lenyewe.

10 Machi

Limefika salama. Kaka alilipokea uwanja wa ndege na kulileta mjini kwa tuktuk yake. Saa tisa nikawaona wote kwenye simu: mtoto, kaka, na nyuma yao mama akichambua mchele kwenye uteo, hatazami.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umetuletea hicho kitu tena."

"Hili ni la mjukuu wako."

"Babako naye alisema ni la watoto." Akaendelea na mchele.

Mtoto amelipenda kwa sababu ni dogo. "Hini yangu, si ya watu wakubwa," akamwambia mjombake. Lakini uzi wa sita ulikuwa milimita 4 na nusu. Safari na unyevu vimeshafanya kazi yao. Nimemwelekeza kaka atoe kile kipande cheupe cha mfupa kwenye daraja, akipunguze chini kwa msasa uliowekwa bapa juu ya kioo. Kanuni ni kwamba ukitaka kushusha milimita moja kwenye freti ya 12, unapunguza milimita mbili kwenye mfupa. Kaka, ambaye hajawahi kushika gitaa maishani ila amefungua karbureta nyingi, alifanya kwa dakika arubaini na kuuliza kama kuna kingine.

Nimemwambia ashushe pia nyuzi zote kwa sauti moja kamili. Zinakuwa laini. Mtoto akitaka kupiga na mtu aliyetia sauti ya kawaida, atafunga kapo, kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya pili, na gitaa linazidi kuwa fupi kwa ajili yake.

Ramadhani inaanza wiki hii. Mama ametoa amri: gitaa liingie kwenye mfuko mpaka Idd. Sikubisha. Hata baba alikuwa akipumzika mwezi huo.

21 Aprili

Somo la kwanza la kweli, na limeharibika kwa jambo nililopaswa kulijua.

Nilihesabu moja, mbili, tatu, tukaanza pamoja. Kwake mimi nilikuwa nyuma, kwangu yeye alikuwa nyuma, kila mmoja akimsubiri mwenzake, mdundo ukazidi kupungua hadi tukasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Mtoto akasema, "Mama, mbona wachelewa?" Mimi nikitaka kumwambia yeye ndiye anachelewa.

Wapigaji wawili wakitenganishwa na zaidi ya sehemu tatu za mia za sekunde huanza kuvutana. Kati ya Yokohama na Mombasa kuna zaidi ya kilomita 10,000, na sauti inapita kwenye nyaya za chini ya bahari, zile zilizoanza kuingia nchi kavu Mombasa mwaka 2009, njia isiyonyooka. Hata mwanga wenyewe ndani ya uzi wa kioo hauwezi kuwahi. Ongeza programu ya simu inayokusanya sauti kabla ya kuituma, ni karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Hakuna intaneti ya kununua itakayoliondoa hilo.

Tumebadilisha mchezo. Mimi napiga mstari, nanyamaza. Yeye anajibu, ananyamaza. Kama kibwagizo cha wavuta nyavu. Mstari wangu ukifika umechelewa, hakuna anayejua, kwa sababu hakuna anayepiga juu ya mwenzake. Tulipiga hivi dakika ishirini na hakuchoka. Lengo la "kupiga pamoja" itabidi lingoje likizo.

Jingine: anachuna kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Kitabu nilichonunua kinataka vinne. Nilifungua kinywa kumrekebisha, nikakumbuka kwamba Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye wapiga gitaa wa Afrika Mashariki nzima walimwiga, alichuna kwa gumba na shahada. Nimekifunga kitabu.

12 Mei

Masika. Kaka amenitumia picha ya kipimo cha unyevu nilichokiweka ndani ya mfuko wa gitaa: asilimia 84. Chumbani mwangu wakati wa baridi, kiyoyozi cha joto kikiwaka, hicho hicho kilisoma 32. Mtengeneza gitaa hupenda kati ya 45 na 55. Sisi tunaishi pande mbili za jangwa na bahari.

Lile gitaa kubwa la chuma limejimaliza. Daraja limebanduka usiku, mama akadhani ni paka amevunja kitu. Nyuzi sita za chuma zinavuta kama kilo 70, gundi iliyolowa unyevu haiwezi. Za nailoni zinavuta karibu kilo 40. Dogo la plaiwudi liko sawa, nimemwuliza kaka alipime upya na limepanda nusu milimita tu.

Nyuzi nazo: zile tatu nene zimeota kutu ya kijani kwa chumvi na jasho. Zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Nimetuma pakiti za chembe za kunyonya unyevu, zile za ndani ya maboksi ya viatu. Kwetu zinashiba kwa wiki moja. Zikikaangwa polepole zinakauka na kufanya kazi tena, kwa hiyo kaka akaziweka kwenye kikaango juu ya jiko. Mama akaingia, akaona punje nyeupe zinang'aa, akauliza nani anakaanga sukari ya mawe. Sasa kikaango hicho kimepigwa alama ya rangi nyekundu, nami nadaiwa kikaango kipya. Sijui nikiandike wapi kwenye bajeti.

23 Juni

Hakuna jipya. Mtoto anapenda mpira mwezi huu. Yokohama mvua, Mombasa upepo wa kusi. Somo limefanyika mara moja kati ya Jumapili nne.

8 Agosti, Mombasa

Nimefika juzi. Nimekuja na gitaa jingine la janku, kubwa, la nailoni, yeni 1,650. Ugonjwa: freti zimelika. Vyuma vimechimbika kwa miaka ya kubonyezwa mpaka nyuzi zinanguruma. Nililichukua kama akiba ya vipuri.

Jioni ya kwanza tulipiga pamoja, hatimaye, bila bahari katikati. Kodi mbili, kwenda na kurudi, yeye na dogo lake lenye kapo, mimi na hilo bovu linalonguruma. Ilichukua dakika tano na tukala viazi karai. Niliutazamia wakati huo miezi saba, na kusema kweli ulikuwa mzuri lakini ulikuwa somo. Alikuwa ananifurahisha mimi.

Kilichonishtua kimetokea leo asubuhi. Nilikuwa ndani, nikamsikia kijana varandani akitafuta kitu kwenye uzi mmoja, wa nne. Anagusa, anaacha, anarudi. Mama alikuwa jikoni akisonga unga wa mahamri, anavumisha taarabu kwa pua kama afanyavyo akidhani hakuna mtu. Kijana alikuwa akimfuata. Anazipata zote, ila moja. Kila akiifikia hiyo moja anakunja uso.

Nilipotoka akaniambia, "Mama, sauti ya nyanya haimo humu. Nimetafuta. Iko hapa kati."

Akaweka kidole juu ya mbao, baina ya chuma cha kwanza na cha pili, mahali ambapo ukibonyeza hupati ila sauti ya chuma cha nyuma.

10 Agosti

Yuko sahihi, na nimepoteza usingizi. Wapiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, wanaijua sauti hiyo. Imo katika maqam ya bayati, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Ukianzia kwenye uzi wa nne mtupu, ngazi ya pili ya bayati hukaa nusu ya njia kati ya freti ya kwanza na ya pili. Udi hauna freti, kidole kinasimama popote sikio linapotaka. Gitaa limekatiwa ngazi kumi na mbili na aliyelitengeneza, na lililo katikati limefungiwa nje.

Nimepima kwenye lile kubwa la 650. Freti ya kwanza iko milimita 36 na nusu kutoka kichwani. Ya pili 71. Sauti ya mama iko kwenye 54.

Tangu Aprili nimekuwa nikimfundisha kijana kodi za baba yangu. Na yeye kutwa anaishi na sauti ya mama yangu. Ndiyo lugha aliyoisikia kwanza.

Freti za gitaa kubwa zimelika hata hivyo.

14 Agosti

Tumezing'oa. Fundi wa simu wa Mwembe Tayari alituazima chuma chake cha kuchomelea risasi kwa masharti kwamba kirudi kabla ya magharibi. Unapasha freti joto mpaka gundi iliyo chini ilegee, unaingiza koleo lenye meno bapa pembeni, unainua nywele kwa nywele kutoka ncha moja hadi nyingine. Ukiwa na haraka unabeba na vipande vya mbao. Freti mbili za kwanza nilizing'oa mimi na zilibeba. Kaka akaninyang'anya koleo. Kumi na sita zilizobaki zikatoka safi.

Zikabaki nyufa 18. Ukiziacha wazi shingo hulegea na kujipinda. Kaka ana mteja kati ya wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, akarudi na mfuko wa unga wa mpingo na vibanzi, bure, na swali: gitaa gani hilo linaloondolewa meno? Tulikata vibanzi vyembamba, tukavigongomea ndani ya nyufa kwa gundi ya mbao, palipobaki mwanya tukajaza unga uliochanganywa na gundi. Tulipokwisha kusugua kwa msasa ikabaki mistari 18 myeusi, laini kwa kidole lakini inayoonekana. Kijana anajua alipo. Mbao ya Dalbergia imerudishwa kwenye gitaa na haikuhitaji kibali cha mtu.

Kosa tulilofanya: tulifunga nyuzi upesi. Bila freti nyuzi zinakuwa juu mno kwa kimo chote cha vile vyuma, karibu milimita moja. Tukafungua tena, tukachimba mifereji ya mfupa wa kichwani kwa tupa ndogo, tukaupunguza na ule wa darajani. Chuma cha fundi wa simu kilirudi baada ya isha. Tumeomba radhi kwa sambusa.

17 Agosti

Sauti imekufa kidogo. Kidole ni nyama, hakilii kama chuma. Mlio mfupi, wa kifuani, unakwisha haraka. Kodi hazipigiki tena juu yake. Mimi mwenyewe sikuipata ile 54 ila kwa kubahatisha.

Kijana alikaa kwenye mkeka, gitaa limemzidi, amelilaza mapajani, anatumia nyuzi mbili tu. Mama alikuwa na mchele wake. Kijana alipiga mstari ule. Mama hakuinua kichwa.

"Juu mno," akasema.

Kijana akasogeza.

"Sasa umeshuka. Panda kidogo. Kidogo, nimekwambia." Uteo umesimama. "Hapo. Usiondoe kidole."

Nilichukua rula kwa siri baadaye. Alama ya jasho ilikuwa kwenye 53.

Waliendelea mpaka adhana ya alasiri, mama akivumisha, kijana akitafuta, na kila akikosea anaambiwa. Mimi nilikuwa na gitaa lake dogo mkononi na sikuwa na la kupiga. Nilimalizia mchele.

8 Septemba, Yokohama

Nimerudi. Saa yangu ikasoma 9, nikapiga simu saa tisa. Aliyepokea ni mama, jambo lisilo la kawaida. Kijana alikuwa nyuma yake, gitaa mapajani tayari.

Mchezo wa kupokezana sasa una watu watatu. Mama anavumisha, kijana anajibu, mimi nakuja mwisho na gitaa langu lenye freti, na kila nikifika kwenye sauti ile navuta uzi pembeni kuikaribia. Mama ameniambia mara mbili kwamba naidanganya.

Bajeti: gitaa mbili 4,950, nyuzi seti mbili 1,600, mfupa 700, kipimo cha unyevu 1,100, mfuko 2,200, mzigo 6,000. Jumla 16,550. Vifaa vya Mombasa na kikaango vilitoka kwenye pesa za sokoni. Zimebaki 13,450.

Orodha aliyonisomea kaka kwa niaba ya mama: uzi wa nne na wa tatu, seti mbili za kila mmoja, maana ndizo zinazolika, msasa laini, na risha, kwa sababu kijana anachuna kwa kadi ya simu iliyokatwa kwa wembe. Nilisema risha za udi hazipatikani kirahisi huku. Mama akasema basi nitume kadi ngumu.